Kombe zinazofanana juu na chini ya ukuta wa machimbo: je, ni za umri mmoja?

*"Shikamoo mwalimu. Kuna machimbo ya chokaa yaliyoachwa ambayo huwa nayatembelea nikipata nafasi. Ramani ya jiolojia inasema miamba yake ni ya Jurasiki. Ukuta una sehemu tatu. Chini ni chokaa iliyojaa kombe ndogo, nyingine zina mbavu, nyingine laini kama kokwa. Katikati ni karibu mita nne za mwamba wa tope, kijivu cha kuelekea weusi, hauna kombe hata moja, ila amonaiti, wale wanyama wa bahari wa kale wenye gamba lililojiviringa, waliobanwa wakawa bapa kama sarafu. Juu ni chokaa tena, na kombe zilezile zimerudi. Rafiki yangu mmoja anasema ukuta umekunjwa, kwa hiyo juu na chini ni tabaka moja. Mwingine anasema hii ndiyo dalili kwamba habari ya visukuku kupima umri wa miamba ni hadithi, maana kilichokufa hakirudi. Ninazo kama sitini, karibu zote nzima, nyingine nimezichomoa ukutani, nyingine nimeziokota kwenye kifusi. Nani yuko sahihi? Na je, nizikate nione ndani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: hukukosea kuangalia. Hicho ulichokiona kimewaumiza vichwa watu wa fani hii kwa zaidi ya miaka mia. Ulifundishwa kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, ukaenda kuhakikisha kwa macho yako, mwamba ukakujibu vingine. Nadhani rafiki zako wote wawili wamekosea. Lakini yule wa kwanza ana hoja inayopimika, na nitakuonyesha namna ya kuipima bila kifaa zaidi ya lenzi.

Kwanza jina, kwa sababu jina limebeba nusu ya jibu. Hizo si kombe. Ni brakiopodi, wanyama wa bahari wenye ukoo wao wenyewe, mbali na ukoo wa kombe na chaza. Chukua moja laini, ishike ncha ikiwa juu. Kombe ana gamba la kushoto na la kulia, na kwa kawaida hayo mawili ni kama viganja vya mikono, kimoja kivuli cha mwenzake. Brakiopodi ana gamba la tumboni na la mgongoni, na hayalingani: moja ni kubwa, na ncha yake imejikunja juu ya lile dogo kama mdomo wa kasuku. Ukitaka kumgawa nusu mbili zinazofanana, itabidi msumeno upite katikati ya magamba yote mawili, kutoka kwenye ncha hadi ukingo wa mbele. Sasa weka lenzi kwenye ile ncha. Ukiondoa vumbi, kwa nyingi utaona kitundu cha duara, safi, kana kwamba mtu amekitoboa kwa msumari mdogo. Hapo ndipo kilipopita kikonyo, shina la nyama lililomshikiza mnyama kwenye jiwe, kwenye kipande cha gamba, au juu ya mwenzake aliyekufa. Kikumbuke kitundu hicho, tutakirudia.

Za mbavu, kwa maelezo yako, ni rinkonelidi. Zile laini ni terebratulidi. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kulowesha gamba na kulitazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Gamba la terebratulidi lina vinyweleo vidogo mno vilivyotapakaa kote, kama ngozi ya chungwa kwa mbali. La rinkonelidi halina. Makundi haya mawili ndiyo yaliyotawala upande wa brakiopodi katika Jurasiki, kipindi kilichoanza kama miaka milioni 201 iliyopita na kuisha kama milioni 145 iliyopita. Huo ni muda wa zaidi ya miaka milioni 50, na ndani yake hata chokaa mbili zinazotazamana ukutani zinaweza kuwa zimeachana mbali sana.

Jambo jingine ulilonipa bila kujua ni kwamba karibu zote ulizo nazo ni nzima, magamba mawili yamefungana. Kombe akifa, kano ya kwenye bawaba yake humfungua, ndiyo maana ufukweni tunaokota gamba mojamoja. Brakiopodi hana kano ya namna hiyo. Alikuwa akifungua na kufunga kwa misuli, na bawaba yake ina meno yaliyoingia kwenye vishimo, kwa hiyo akifa hubaki amefumba. Ndani panabaki chumba kitupu chenye mlango mdogo, na chumba hicho ndicho kitakachompima rafiki yako wa kwanza.

Ni hivi. Kombe tupu, niendelee kuziita hivyo kwa heshima yako, ililala sakafuni mwa bahari. Tope likaingia kidogokidogo kupitia kitundu au ufa, likatua chini ya chumba, likatengeneza sakafu bapa. Nafasi iliyobaki juu ikaja kujazwa baadaye na fuwele nyeupe za kalisaiti, madini yanayojenga chokaa. Ukiipasua leo unaona mstari ulionyooka: chini kijivu cha tope, juu weupe wa fuwele. Ni kama pimamaji ya fundi mwashi iliyogandishwa ndani ya jiwe. Usipasue zako kwa sababu hii. Rudi ukutani, tafuta zile zilizokatika wenyewe kwenye uso wa chokaa, zimo tu ukitulia. Tazama kumi za chokaa ya chini na kumi za chokaa ya juu, kila moja ikiwa bado mahali pake. Kama weupe uko juu katika chokaa zote mbili, ukuta umesimama ulivyojengwa. Kama ukuta umekunjwa na kurudi juu yake wenyewe, lazima moja ya hizo chokaa iwe imepinduka, na humo fuwele zitakuwa chini na tope juu. Ukikuta mchanganyiko, moja hivi na nyingine vile, ndani ya tabaka moja, hiyo ni habari tofauti: kombe zilijaa tope mahali pengine, zikang'olewa na mkondo na kuzikwa upya. Mimi dau langu liko kwenye ukuta usiokunjwa, kwa sababu mkunjo ungefanya tabaka za tope zijirudie kama picha kwenye kioo kuanzia katikati, na wewe hukusema hivyo. Lakini nenda ukaangalie, usiniamini mimi.

Sasa zile mita nne. Rafiki yako wa pili anasema kilichokufa hakirudi, na kwa hilo yuko sahihi kabisa. Spishi ikishatoweka duniani haizaliwi tena. Anapoteleza ni pale anapodhani kutokuwepo ukutani ni sawa na kutoweka duniani. Rudi kwenye kitundu cha kikonyo. Mnyama huyu alihitaji kitu cha kushika. Kiluwiluwi wa brakiopodi hawa wenye bawaba hali chochote. Anaishi kwa akiba ya yai, anaogelea saa chache au siku chache, kisha lazima atue, na akitua hahami tena. Kwa hiyo huwa hatui mbali na wazazi wake. Ndiyo sababu tunawakuta kwa mafungu. Katika mwamba wa Marlstone wa Uingereza ya kati, ulio wa Pliensbakiani, moja ya hatua, yaani vipande vya wakati, ambazo Jurasiki imegawanywa, rinkonelidi Tetrarhynchia tetrahedra na terebratulidi Lobothyris punctata wamelundikana kama mayai kwenye viota, na ukisogea kidogo ndani ya tabaka lilelile unaweza usimwone hata mmoja.

Fikiria basi sakafu ya bahari inapogeuka tope jepesi kama uji, tena maji ya chini yamepungukiwa na oksijeni. Weusi wa mwamba unatokana na mabaki ya viumbe ambayo hayakuoza yote, na hiyo ndiyo dalili. Kiluwiluwi akitua hapo anazama au anakosa pumzi. Amonaiti hana shida hiyo. Alikuwa akielea na kuogelea juu kwenye maji yenye hewa, na alipokufa ndipo alipoanguka kwenye tope, likambana akawa bapa. Ndiyo maana katikati unao yeye peke yake. Ukuta wako hauonyeshi kwamba brakiopodi waliisha. Unaonyesha kwamba kwa muda fulani, mahali hapo, mlango wa kupangisha ulifungwa. Upande wa pili wa bahari, penye chokaa ngumu na maji yanayotembea, waliendelea kuzaana, na sakafu yenu ilipokuwa ngumu tena, vizazi vilisogea hatua kwa hatua hadi vikafika.

Hapo ningeweza kukuaga, kama kusingekuwa na hali moja ambayo maelezo hayo matamu yangekudanganya.

Kama miaka milioni 183 iliyopita, mwanzoni mwa hatua inayoitwa Toarsiani, dunia ilipata joto la ghafla, na bahari nyingi zikapungukiwa na hewa. Wataalamu wengi wanalihusisha tukio hilo na volkeno kubwa za Karoo, kusini mwa Afrika, na za Ferrar, Antaktika. Mwamba mweusi wa wakati huo unaonekana Yorkshire nchini Uingereza na Holzmaden nchini Ujerumani. Brakiopodi waliumia vibaya. Kundi la Spiriferinida, ambao ndani mwao walikuwa na mifupa miwili iliyojiviringa kama springi, lilikuwa limevuka hata lile angamio kuu la miaka milioni 252 iliyopita, lakini hapa likaishia. Hispania na Ureno wamefuatilia tukio hili tabaka kwa tabaka: aina nyingi chini, kisha kimya, kisha anaibuka Soaresirhynchia bouchardi, rinkonelidi asiyechagua mahali, akatapakaa penye upungufu wa majirani. Genge la Peniche huko Ureno ndilo lililochaguliwa kuwa alama ya dunia nzima ya mahali Toarsiani inapoanzia. Nimetaja kwa sababu mtu akipenda mambo haya, hapo ndipo pa kwenda kusimama.

Kwa hiyo tope lako jeusi laweza kuwa mlango uliofungwa kwa muda, au laweza kuwa kaburi. Likiwa la kwanza, kombe za juu na za chini huenda ni spishi ileile. Likiwa la pili, kwa sehemu kubwa haziwezi kuwa, hata zikifanana kama pacha. Na kombe zenyewe hazitakuambia. Watakuambia wale amonaiti bapa uliowapita ukitafuta kombe. Watazame tena mwanga wa jua ukiwa umelala upande, asubuhi au jioni. Kama mbavu zao zimepinda kama mundu, au kama mwili wote umejiviringa kama kamba iliyopangwa, mizunguko yote ikionekana na mbavu nyembamba zimepangana, nitaanza kufikiria Toarsiani. Kama ni vingine, tuna nafasi ya kuchagua. Amonaiti walibadilika haraka na kusambaa mbali, ndiyo maana Jurasiki ya kaskazini-magharibi mwa Ulaya imegawanywa katika kanda zaidi ya 70 kwa kutumia wao, kila kanda ikiwa kwa wastani chini ya miaka milioni moja. Brakiopodi wachache sana wanaweza kushindana na saa hiyo.

Tufike sasa kwenye lile neno lako "zilezile". Hapa nitakuwa mkali kidogo. Hujui kama ni zilezile, na mimi nikizishika hapa mezani sitajua pia. Kufanana kwa nje ni ugonjwa wa brakiopodi. Sababu yake inaeleweka. Mnyama huyu alikula kwa kuvuta maji ndani, kuyachuja na kuyatoa. Alihitaji mwanya mrefu ili maji mengi yapite, lakini mwembamba ili chembe za mchanga zisiingie. Kuupinda ukingo kama meno ya msumeno kunaongeza urefu wa mwanya bila kuupanua, na kuinua mkunjo katikati kunasaidia kutenga maji yanayoingia na yanayotoka. Majibu ya tatizo hilo si mengi. Koo mbalimbali, nyakati mbalimbali, zikalifikia jibu lilelile. Terebratulidi wenye mikunjo miwili mbele wamejirudia mara nyingi katika Jurasiki na Kretasia, kipindi kilichofuata, kiasi kwamba nikiletewa mmoja bila habari ya tabaka, huwa naandika "terebratulidi" na kufunga daftari.

Mtafiti wa visukuku Mwingereza, S. S. Buckman, aliliona hili kwa brakiopodi wa Jurasiki na kulipigia kelele mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha, niseme kweli, yeye mwenyewe akaanguka shimo la upande wa pili: alitoa majina mapya kwa wingi hadi waliomfuata wakachoka kuyafuta. Miaka ya 1930 Helen Muir-Wood, aliyekuwa makumbusho ya historia ya asili ya London, alionyesha kwamba jibu liko ndani: umbo la vijiti vya chokaa vilivyoshikilia kiungo cha kuchujia, namna meno yanavyokaa kwenye bawaba, ukuta mwembamba unaopita katikati. Derek Ager akaendeleza kazi hiyo kwa rinkonelidi wa Uingereza. Mpaka leo, rinkonelidi wa Jurasiki asiyejulikana ndani ni mtu mwenye jina la utani tu.

Na kuna mtego wa upande mwingine: kutofanana kunakotokana na umri. Rinkonelidi mchanga ni bapa, ukingo wake karibu umenyooka; akikua ananenepa, na msumeno unajitokeza. Zipange zako za tabaka moja kwa ukubwa kwenye meza, ndogo kushoto, kubwa kulia. Kama unapita kutoka bapa hadi nene bila kuruka popote, una familia moja, watoto kwa wazee. Fanya hivyo kwa za chini na za juu, safu mbili, kisha hesabu mbavu za zile zinazolingana ukubwa. Usilinganishe mtoto wa chini na mzee wa juu. Ni zoezi la mchana mmoja, na limewahi kunifundisha zaidi ya vitabu.

Usije ukatoka hapa ukidhani brakiopodi hawana kazi katika kupanga miamba. Kwenye bahari moja, kwa kipindi kinachojulikana, wanafanya kazi nzuri sana. Homoeorhynchia acuta, mwenye mkunjo mmoja uliochongoka kama pua, nikimwona Uingereza najua niko mwishoni mwa Pliensbakiani. Mfano bora zaidi kwangu ni Cornbrash, chokaa nyembamba ya Uingereza ambayo mpima ardhi William Smith aliitenga kwenye ramani yake ya jiolojia ya 1815. Kwa macho inaonekana kitu kimoja. Lakini nusu ya chini ina Cererithyris intermedia na Obovothyris obovata, nusu ya juu ina Microthyridina siddingtonensis na Microthyridina lagenalis, na kati ya nusu hizo ndipo unapopita mpaka wa hatua mbili, Bathoniani chini na Kaloviani juu. Tazama jinsi ilivyo kinyume cha ukuta wako: mwamba unafanana juu na chini, kombe zinatofautiana. Pale sakafu haikubadilika sana, kwa hiyo badiliko la kombe lina maana ya wakati. Kwako sakafu imebadilika mara mbili, kwa hiyo kombe zinasema kwanza habari za sakafu.

Na orodha ya bahari moja usiipeleke bahari nyingine. Muir-Wood huyohuyo alieleza mwaka 1935 brakiopodi wa Jurasiki wa Somalia, akiwemo Somalirhynchia, na hao ni wenyeji wa upande huo. Kuwasaka kwenye jedwali la Cornbrash ni kupoteza muda.

Kuhusu kukata: usikate bado. Najua hamu hiyo. Kazi yenyewe inaitwa mkato wa mfululizo, nayo ni kusaga mnyama kuanzia kwenye ncha, sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita kwa kila hatua, kulamba uso kwa asidi hafifu, kubandika utando wa asetati unaochukua alama, kuchora, kusaga tena. Milimita chache za kwanza ndizo zenye majibu yote, na ndizo anayejifunza anazoziharibu kwanza. Mwishoni una rundo la michoro, na kisukuku kimekuwa vumbi. Kabla ya hapo lazima kipimwe, kipigwe picha pande zote na kutolewa nakala ya plasta. Wengine watakuambia upeleke kwenye mashine ya eksirei ya tabaka kama ya hospitali. Wakati mwingine inafaa, hasa tope la ndani likiwa tofauti sana na gamba. Lakini gamba ni kalisaiti na mara nyingi kilichojaa ndani ni kalisaiti pia, picha inatoka kijivu kitupu na fedha imekwenda. Kama itafikia kukata, chagua tatu au nne za kila chokaa, nzima lakini si zile nzuri kuliko zote, na ziwe zimetoka ukutani kwa mkono wako.

Hilo la mwisho linanileta kwenye zile za kifusi. Zitenge leo hii. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilichanganya mifuko miwili, wa kifusi na wa ukutani, nikaja na maelezo mazuri ya spishi moja iliyoishi kupita kiasi; mzee mmoja aliyekuwa akinisimamia akazigeuza mbili kwenye lenzi, akaona tope lililoshikamana nazo lina rangi tofauti, akacheka hadi nikaona haya. Kitu kilichookotwa chini ya ukuta kinaweza kuwa kimeanguka kutoka popote juu yake. Hakifai kujibu swali la tabaka, hata kikiwa kizuri namna gani. Ila kinafaa kwa mambo mengine. Kwa mfano, angalia kama kuna minyoo ya mirija au viumbe vya kutandaa vilivyoota juu ya gamba. Vikiwa pande zote mbili, kombe ilikaa muda mrefu ikigeuzwageuzwa kabla ya kuzikwa. Pale Dorset, kusini mwa Uingereza, kuna tabaka jembamba la rinkonelidi Goniorhynchia boueti ambalo kombe zake nyingi zimevaa mavazi hayo, na kutokana nayo tunajua kwamba unene mdogo wa mwamba unaweza kubeba muda mrefu wa kungoja.

Mambo mengine hayafanyiki kwa barua. Ukipata amonaiti mwenye mbavu zinazosomeka, au ukiona kwenye kombe iliyokatika umbo la springi, simama, usichimbe zaidi, ipeleke picha yenye kipimo kwenye idara ya jiolojia ya chuo kikuu au makumbusho ya historia ya asili iliyo karibu nawe, kisha umwombe mtu aje mwende naye. Springi chini ya tope na kukosekana juu yake ni jambo ambalo mtaalamu atafunga safari kuliona. Uliza pia kibali. Machimbo yaliyoachwa yana mwenyewe, na katika nchi nyingi visukuku vinalindwa na sheria, hasa vikivuka mpaka au vikiuzwa. Na ule mwamba wa tope katikati ndio unaonitia hofu: unaoza kwa mvua haraka kuliko chokaa, kwa hiyo chokaa ya juu inabaki ikining'inia bila tegemeo. Usisimame chini yake, na usiende peke yako baada ya mvua.

Ukirudi, beba kalamu ya wino usiofutika na utepe wa kupimia. Anza kupima kutoka sakafu ya machimbo, na kila kombe unayoitoa iandike urefu wake wa tabaka juu ya jiwe lenyewe, siyo kwenye mfuko tu, pamoja na mshale unaoonyesha upande uliokuwa juu. Hizo sitini ulizonazo usizioshe. Lile tope lililokauka ndani ya kitundu cha kikonyo huenda likatuambia zile za kifusi zimeanguka kutoka chokaa ipi.